Kapitesheni katika mfuko wa afya: mwongozo kamili wa kuipanga na kuiendesha

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wasimamizi wa mifuko ya afya yanafanana mno. Mfuko umeingia mkataba wa kapitesheni na vituo, yaani unakilipa kila kituo kiasi maalumu kila mwezi kwa kila mwanachama aliyeandikishwa hapo, atibiwe asitibiwe. Miezi michache baadaye kituo kimoja kinaandika barua ya kujitoa, wanachama wanalalamika kwamba wanaandikiwa dawa wakanunue nje, na hospitali ya rufaa inaleta madai makubwa kuliko ya mwaka uliopita. Kamati inakaa, inapandisha kiwango, na mwaka unaofuata barua zinaanza tena.

Mara nyingi kiwango hakikuwa kibaya sana. Tatizo lilianza kabla yake: hakuna aliyejua kwa uhakika analipiwa nani, na analipiwa nini. Kwa hiyo hapa tutaanza na watu, tufuate kitita (orodha ya huduma anazostahili mwanachama), ndipo tuguse fedha. Anayeanza na fedha atarudi mwanzo, tena akiwa amekwisha kugombana na vituo.

## Uwe na nini mkononi

- Madai ya miezi 12 mfululizo, yakiwa 24 ni bora zaidi. Kila dai lionyeshe namba ya mwanachama, tarehe ya huduma (si tarehe ya malipo), kituo, utambuzi wa ugonjwa na gharama.
- Daftari la wanachama na wategemezi wao, lenye tarehe za kuzaliwa, kujiunga na kutoka.
- Kitita cha mafao kama kilivyoidhinishwa, pamoja na mwongozo wa matibabu na orodha ya dawa vinavyotumika.
- Mtu wa hesabu anayejua majedwali ya kompyuta vizuri. Kama mfuko ni mkubwa, au kama utaweka huduma za kulazwa ndani ya kapitesheni, tafuta mtakwimu bima, yaani mtaalamu wa kukokotoa hatari na gharama za bima.
- Daktari mmoja na muuguzi mmoja wanaofanya kazi upande wa mfuko, wasio na maslahi katika kituo chochote utakachoingia nacho mkataba.
- Akiba ya fedha inayotosha kulipa miezi kadhaa ya huduma zitakazobaki nje ya kapitesheni.

Kama huna madai yenye tarehe ya huduma, usianze. Tumia mwaka mmoja kuyakusanya huku ukiendelea kulipa kwa huduma, yaani kulipia kila huduma iliyotolewa baada ya kituo kuleta dai. Nimeona watu wakikopa kiwango cha mfuko mwingine ili waharakishe. Kiwango hicho kimebeba umri, magonjwa na mazoea ya watu wengine, na hakitakufaa.

## Hatua ya 1: Safisha daftari

Kwenye kapitesheni jina ni fedha. Jina lililorudiwa unalilipia mara mbili kila mwezi, na aliyefariki bila kufutwa ataendelea kukupa hasara mpaka mtu amwone. Mtoto mchanga ambaye hajaandikwa atafika dirishani na kurudishwa nyumbani.

Anza na marudio. Usitafute kwa jina peke yake, maana mtu yuleyule anaweza kuandikwa kwa namna tatu. Linganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya mchangiaji mkuu kwa pamoja. Kisha pitia wategemezi waliovuka umri wa kuhudumiwa chini ya mzazi.

Halafu weka tarehe ya kufunga daftari. Kwa mfano, orodha ya mwezi ujao ifungwe tarehe 20 na kituo kiipate kabla ya tarehe 25. Atakayejiunga baada ya hapo ataingia kwenye orodha ya mwezi unaofuata, na katikati yake madai yake yalipwe kwa huduma. Mtoto mchanga ahesabiwe chini ya mama kwa muda ulioandikwa kwenye mkataba, ili asikose huduma kwa sababu ya karatasi.

Utajua umefaulu pale watu wawili, kila mmoja kwenye kompyuta yake, watakapotoa idadi ya wanachama wa tarehe fulani na namba zao zikalingana. Zikipishana hata kwa watu kumi, rudi nyuma utafute kumi hao ni akina nani.

## Hatua ya 2: Chora mpaka wa kitita

Hapa ndipo mikataba mingi hufia.

Malipo kwa kichwa yanafaa kwa huduma zinazotokea mara nyingi, zenye gharama ndogo na zinazotabirika: kumwona daktari, vipimo vya kawaida, dawa za magonjwa ya kila siku, ufuatiliaji wa shinikizo la damu na kisukari. Hayafai kwa kinachotokea mara chache na kugharimu sana. Kituo chenye watu 1,500 kinaweza kukaa mwaka mzima bila mgonjwa wa kusafishwa damu, kisha kikapata wawili kwa mpigo. Ukiweka gharama hiyo ndani ya kapitesheni, utakuwa umekigeuza kituo kuwa kampuni ya bima isiyo na mtaji.

Tengeneza jedwali la safu tatu. Ya kwanza ni huduma zilizo ndani ya malipo ya kichwa. Ya pili ni zilizo nje, zinazolipwa kwa madai. Ya tatu ni zilizo nje na zinazohitaji kibali kabla ya kutolewa. Kila mstari wa kitita uingie kwenye safu moja tu. Mstari unaokushinda kuuweka ndio utakaoleta ugomvi, kwa hiyo jadiliana na vituo sasa.

Angalia zaidi huduma za mpakani. Mgonjwa ametumwa kwa daktari bingwa, bingwa ameagiza kipimo cha damu, na mgonjwa amerudi kukifanyia kituoni kwake. Nani analipa? Kama mkataba haukusema, kituo kitadai malipo, mfuko utakataa, na safari ijayo kituo kitamwambia mgonjwa mashine imeharibika. Sentensi moja inatosha: "Kipimo kilichoagizwa na daktari wa ngazi ya rufaa kitalipwa na mfuko kwa bei ya kiambatisho B, popote kitakapofanyika."

Chanjo, huduma za wajawazito na uzazi wa mpango mimi huziweka nje na kuzilipia kwa huduma. Tunataka zitolewe kwa wingi, na malipo ya kichwa hayamsukumi mtoa huduma kuongeza kitu. Wapo wasimamizi wanaoziweka ndani na kuongeza zawadi kwa kituo kinachofikia lengo. Inawezekana, ila usimamizi wake ni mzito.

Onyo: usiache maneno kama "na huduma nyingine za kawaida" kwenye jedwali. Kila upande utayasoma kwa faida yake.

## Hatua ya 3: Kokotoa kiwango

Fanya kazi kwa mwezi wa mwanachama mmoja. Mtu aliyekuwa kwenye mfuko miezi 12 ana miezi 12, na aliyeingia mwezi wa tisa ana minne. Jumla yake ndiyo ya kugawia. Ukigawa kwa idadi ya watu wa mwisho wa mwaka, na mfuko ulikuwa unakua, kiwango kitatoka chini kuliko hali halisi.

Tuchukue mfano bila kutaja sarafu. Kila mwanachama anatembelea kituo mara 3 kwa mwaka, yaani 0.25 kwa mwezi. Gharama ya kumwona daktari ni 40, basi 0.25 × 40 = 10. Vipimo: 0.12 kwa mwezi, wastani wa gharama 25, jibu 3. Dawa: 0.20 kwa mwezi, wastani 30, jibu 6. Jumla ni 19 kwa kichwa kwa mwezi.

Usiishie hapo. Daima yapo madai ya huduma zilizokwisha kutolewa lakini ambayo bado hayajafika mezani kwako. Angalia madai ya miaka iliyopita yalichelewa kwa kiasi gani. Ukikuta asilimia 5, 19 inakuwa 19.95. Ukitarajia bei kupanda kwa asilimia 6 mwaka ujao, unapata 21.15.

Kisha jiulize kama watu walikuwa wanakwepa huduma. Kama vituo vilikuwa mbali, au mwanachama alikuwa anachangia fedha dirishani na sasa umeondoa mchango huo, ziara zitaongezeka. Madai ya zamani hayawezi kukuonyesha ongezeko hilo. Mjadili na daktari wako, mkubaliane nyongeza, na mwandike sababu yake.

### Uzito wa umri

Kiwango kimoja kwa wote kinakiumiza kituo chenye wazee na watoto wengi, na kinakipendelea chenye vijana. Dawa yake ni uzito wa umri, yaani namba ya kuzidishia kiwango kulingana na gharama ya kila kundi la umri. Tuseme madai yameonyesha hivi: watoto chini ya miaka 5 uzito 1.8, miaka 5 hadi 17 uzito 0.6, miaka 18 hadi 59 uzito 0.9, miaka 60 na zaidi uzito 1.9. Na wanachama wako wamegawanyika asilimia 15, 30, 45 na 10 kwa mpangilio huohuo.

Kabla ya kutumia uzito huo, zidisha na ujumlishe: 0.27 + 0.18 + 0.405 + 0.19 = 1.045. Wastani umezidi 1. Ukiutumia ulivyo, utalipa asilimia 4.5 zaidi ya bajeti yako kila mwezi bila kujua fedha zinapitia wapi. Gawanya kila uzito kwa 1.045, upate 1.72, 0.57, 0.86 na 1.82. Mtego huu mdogo unawanasa hata watu wa hesabu.

Sasa chukua kituo chenye vichwa 2,000, ambacho asilimia 30 ya watu wake ni wazee, 40 ni wa miaka 18 hadi 59, 20 ni wa miaka 5 hadi 17 na 10 ni watoto wadogo. Uzito wake wa wastani unatoka 1.176. Badala ya 42,300 kwa mwezi, kitalipwa kama 49,745. Tofauti hiyo ndiyo ingekifanya kijitoe.

Utajua umefaulu kama ukizidisha viwango vyote kwa vichwa vya vituo vyote, jumla inalingana na bajeti uliyoanza nayo.

## Hatua ya 4: Mpe kila mwanachama kituo

Mwanachama achague mwenyewe. Mpe orodha ya vituo vilivyo karibu naye na tarehe ya mwisho ya kuchagua. Asiyechagua mpangie kilicho karibu, umjulishe kwa ujumbe mfupi, na umpe nafasi ya kubadili. Baada ya hapo kubadili kituo kuruhusiwe kila baada ya miezi mitatu, na wakati wowote kwa aliyehama makazi.

Kwa nini usiruhusu kubadili kila siku? Kwa sababu kituo kilicholipwa leo kitampoteza mtu kesho, na hesabu zitakuwa fujo. Kwa nini usimfunge mwaka mzima? Kwa sababu haki ya kuondoka ndiyo silaha pekee ya mgonjwa dhidi ya kituo kinachombania huduma.

Usiruhusu wote wajazane kwenye hospitali kubwa yenye jina. Weka ukomo wa vichwa kulingana na madaktari na waganga waliopo. Kwa upande wa chini, kituo chenye vichwa mia mbili au mia tatu kinaweza kuyumbishwa na familia chache zenye magonjwa sugu. Kama ni hicho tu kilichopo eneo lake, kilipe kwa huduma. Hakuna sheria inayosema kila kituo lazima kiwe na njia moja ya malipo.

## Hatua ya 5: Andika mkataba

Mengi yako kwenye jedwali la hatua ya 2, na hilo liwe kiambatisho. Yanayosahaulika ni haya.

Tarehe ya kulipa. Kapitesheni hulipwa kabla, mwanzoni mwa mwezi. Ukichelewesha wiki tatu, kituo kinakosa fedha za dawa na mgonjwa ndiye anayelipia ucheleweshaji wako. Weka adhabu dhidi ya mfuko wenyewe. Vituo vitakuamini haraka zaidi.

Taarifa za ziara. Kwa kuwa kituo hakidai, hakioni sababu ya kuandika. Ukiacha, baada ya mwaka utakuwa kipofu na hutaweza kukokotoa kiwango kipya. Shikilia sehemu ndogo ya malipo, tuseme asilimia 5, itolewe taarifa za ziara zikifika kamili zikiwa na namba zinazotambulisha kila ugonjwa.

Marufuku ya kumtoza mwanachama chochote zaidi ya mchango ulioandikwa kwenye kitita. Na dawa ikikosekana, kituo kiitafute kwa gharama yake, mgonjwa asitumwe mtaani na karatasi.

Marekebisho ya nyuma. Mtu akigundulika alifutwa kimakosa, mfuko utalipa nyuma miezi mingapi? Na kituo kikilipwa kwa jina lisilostahili, fedha zitarudishwa za muda gani? Siku 90 kwa pande zote mbili zinatosha.

Kama umelazimika kuweka huduma za kulazwa ndani, weka kikomo cha hasara: gharama ya mgonjwa mmoja ikivuka kiasi fulani kwa mwaka, mfuko unachukua kinachozidi. Mfuko nao unaweza kuikinga sehemu hiyo kwa bima mtawanyo, yaani bima ambayo mfuko wenyewe huikata kwa kampuni nyingine.

## Hatua ya 6: Tengeneza dawati la vibali na rufaa

Ukilipa kwa kichwa, kituo kinavutwa kumsukumia mwenzake mgonjwa mgumu. Dawati hili lipo ili mgonjwa apande ngazi kwa sababu ya ugonjwa wake, na si kwa sababu kituo kinataka kubakiza fedha.

Muuguzi asome ombi akilinganisha na vigezo vilivyoandikwa. Likitimiza, alipitishe papo hapo. Lisipotimiza, alipeleke kwa daktari. Muuguzi au karani asikatae ombi hata siku moja, kukataa ni kazi ya daktari.

Dharura haihitaji kibali. Kituo chochote kimhudumie mgonjwa kwanza, na taarifa ifuate.

Weka muda wa kujibu na uupime. Kanuni ya serikali kuu ya Marekani iliyotolewa 2024 imezitaka aina kadhaa za mipango ya bima za umma kujibu, kuanzia 2026, ndani ya saa 72 kwa ombi la haraka na siku 7 kwa la kawaida. Mfuko mdogo unaweza kufanya vizuri zaidi ya hapo, kwa sababu maombi yake ni machache.

Barua ya kukataa ndiyo inayotofautisha usimamizi na ubabe. Hii ni mbaya: "Ombi lako halikukidhi vigezo." Hii inafaa: "Kipimo cha picha ya sumaku (MRI) ya mgongo hakijaidhinishwa kwa sasa. Maumivu yana wiki mbili, na fomu haikutaja ganzi, udhaifu wa miguu wala kushindwa kuzuia mkojo. Moja ya dalili hizo ikiwepo, tupigie leo na tutapitia upya mara moja. Kama hukubaliani nasi, omba mapitio ndani ya siku 30; ombi lako litasomwa na daktari mwingine ambaye hakuhusika na uamuzi huu."

Kila mwezi hesabu maombi yaliyokataliwa kisha yakapitishwa baada ya mapitio. Yakiwa mengi, vigezo vyenu ni vibovu au havifuatwi. Na kama ombi la aina fulani hupitishwa karibu kila mara, ondoa sharti la kibali kwa huduma hiyo. Unapoteza muda wa watu.

## Hatua ya 7: Endesha sambamba kabla ya kuhama

Kwa miezi mitatu endelea kulipa kwa huduma, huku ukikokotoa pembeni ambacho kila kituo kingepata kwa kichwa. Kionyeshe kituo namba zote mbili kila mwezi. Chenye tofauti kubwa, kaa nacho mtafute sababu: huenda vichwa vyake vimeandikwa kwa jirani, huenda kilizoea kuandika vipimo vingi kuliko mahitaji, huenda uzito wako una kasoro.

Usiruke hatua hii kwa sababu bodi ina haraka. Ghana ilianza majaribio ya kapitesheni katika mkoa wa Ashanti 2012, yakapata upinzani mkali kutoka kwa watoa huduma na wananchi, na yalisitishwa 2017. Watu wasipoelewa kinachobadilika, watakihesabu kama kupunguziwa haki.

## Hatua ya 8: Fuatilia, hasa huduma inayonyimwa

Kwenye malipo kwa huduma, hatari ni mgonjwa kufanyiwa mengi mno. Hapa ni kinyume chake, na hatari hiyo haileti ankara mezani kwako. Lazima uifuate.

Pima ziara kwa wanachama 1,000 kwa mwezi. Kwenye mfano wetu tunategemea karibu 250. Kituo kikileta 90, ama hakiandiki ama kinafukuza watu. Ili ujue ni lipi, linganisha na daftari la dawa la kituo, kisha wapigie simu wanachama ishirini wa kituo hicho uwaulize mara ya mwisho walihudumiwa lini na walitoka na nini. Simu hizo zina faida kuliko ukaguzi rasmi uliotangazwa wiki moja kabla.

Pima pia barua za rufaa kwa kila ziara 100, na watu waliolazwa kwa magonjwa ambayo kituo cha kwanza kingeyadhibiti: pumu, kisukari, shinikizo la damu. Wagonjwa wa kisukari wa kituo kimoja wakianza kulazwa mara kwa mara, huko kuna ufuatiliaji usiofanyika.

Kituo kinachofanya vibaya kipe namba zake kikijilinganisha na wenzake, na mwezi mmoja wa kujirekebisha. Kisipojirekebisha, acha kukipangia wanachama wapya. Kuvunja mkataba kuwe hatua ya mwisho, na kabla ya kuuvunja hakikisha watu wake wana pa kwenda.

## Hatua ya 9: Funga hesabu na upange upya

Fedha za kapitesheni zimekwisha kulipwa, kwa hiyo wasimamizi huziona kama jambo lililomalizika na kutazama salio kubwa la benki. Salio hilo si lako lote. Ndani yake kuna huduma za nje ya kapitesheni zilizotolewa mwezi huu, ambazo madai yake yatafika baada ya mwezi mmoja au miwili. Tenga fedha zake kila mwezi kwa kufuata kasi ya madai ya nyuma. Mfuko unaosoma salio badala ya madeni hugundua umefilisika siku hospitali inapotuma madai ya robo mwaka.

Gharama za uendeshaji zipe mstari wake. Nchini Marekani sheria ya 2010 inawataka wenye bima kutumia angalau asilimia 80 ya michango kwa matibabu na uboreshaji wa huduma, na 85 kwa makundi makubwa. Hata kama sheria yako haisemi hivyo, jipime kwa kipimo cha namna hiyo.

Anza kukokotoa kiwango kipya miezi minne kabla ya mkataba kuisha: mwezi mmoja wa kusafisha taarifa za ziara, mmoja wa hesabu, mmoja wa majadiliano na vituo, na mmoja wa kuwajulisha wanachama. Kituo kinachoondoka kiendelee kuwahudumia watu wake hadi mwisho wa mwezi kiliolipiwa. Faili za wagonjwa wa magonjwa sugu na wajawazito zifike kwenye kituo kipya kabla ya tarehe hiyo, zikiwa na saini ya aliyezipokea.